Magunia mawili ya mkaa kwa tani moja ya hewa ukaa

Barabara kuu itokayo Kahama kwenda Lusahunga na mpaka wa Rusumo inapita katikati ya Ushirombo. Kama ilivyo kando ya barabara nyingi za Kanda ya Ziwa, magunia ya mkaa hupangwa pembeni yakingoja wenye malori. Anayetaka kuielewa biashara ya kaboni aanze na gunia hilo, kabla hajafika kwenye mikutano ya kimataifa na vifupisho vyake.

Hesabu ni nyepesi. Mti ukishakauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Kaboni hiyo ikiungua inaungana na oksijeni ya hewani kuwa hewa ukaa, na uzito wake unaongezeka kama mara 3.67. Maana yake tani moja ya hewa ukaa inatokana na takriban kilo 545 za kuni kavu. Tanuru letu la kienyeji, lile la kupanga magogo, kuyafunika kwa nyasi na kuyafukia kwa udongo, hutoa mkaa wenye uzito wa asilimia 15 hadi 20 ya kuni zilizoingia. Zidisha, utapata kilo 80 hadi 110 za mkaa, yaani magunia mawili ya kilo hamsini hamsini, au pungufu kidogo.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa kaboni anapomwambia mwanakijiji wa Bukombe kwamba atanunua tani moja ya hewa ukaa iliyobaki mtini, anamwomba asichome magunia mawili ya mkaa. Tani ya msitu kwenye soko la hiari, ambako kampuni hununua bila kulazimishwa na sheria, imekuwa ikipanda na kushuka, na mara nyingi haivuki dola 15. Kutoka hapo wanachukua chao mwendeshaji wa mradi, mkaguzi, msajili wa hati za kaboni, serikali na halmashauri, na ndipo kijiji kipate chake. Mchoma mkaa anauza magunia yake leo na kulipwa taslimu leo, tena na mtu mmoja. Kwa hesabu ya mfukoni kaboni haimshindi mkaa, na sijaona mradi wowote unaolisema hilo wazi kwenye mkutano wa kijiji.

Lakini watu wa eneo hili waliwahi kuuacha msitu usimame kwa wingi wa kushangaza, wakati hakuna aliyekuwa akinunua tani ya chochote.

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo tangu 2012 iko Mkoa wa Geita. Kabla ya hapo ilikuwa Shinyanga, na Shinyanga hiyo ya zamani ndiyo iliyowahi kuitwa jangwa la Tanzania. Haikuwa hivyo kwa asili. Katika enzi ya mkoloni vichaka na misitu ilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kumfukuza mbung'o. Baadaye pamba na mahindi vikachukua ardhi, ng'ombe wakaongezeka, kuni na mkaa vikamaliza kilichobaki. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 nayo ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa mwaka 1984 alishtushwa na hali aliyoikuta, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi.

HASHI ilianza kama miradi mingi ya wakati ule, kwa vitalu vya miche na wataalamu wa kuelekeza. Mambo yalibadilika ilipokubali kurudi kwenye ngitili, malisho ya akiba ambayo Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani. Mvua zikianza eneo linafungwa, majani na miti vinaachwa viote. Kiangazi kikikolea linafunguliwa kwa mifugo kwa zamu. Kuna ngitili za familia na ngitili za kijiji. Aliyechungia kabla ya wakati alifikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, sungusungu wakasimamia faini, na mara nyingi hapakuwa na haja ya askari wa misitu. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia hazikuzidi hekta mia kadhaa. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na shirika la IUCN, uliotoka 2005, ulikadiria kwamba ngitili zilimpa kila mtu manufaa ya wastani wa dola 14 kwa mwezi: majani, kuni, nguzo, dawa, asali, maji. Kaboni haikuwamo kwenye orodha yao.

Hapa ndipo msomaji wa Ushirombo ana haki ya kuuliza: kwa nini basi hatukulipwa? Miti iliota, hewa ukaa ikaingia mtini, dunia nzima ikafaidika.

Jibu linaonyesha soko hili linanunua nini hasa. Halilipi mti uliopo. Linalipa tofauti kati ya kilichotokea na kile ambacho kingetokea kama mradi usingekuwapo. Wataalamu wanachora mstari wa msingi, wakisema bila fedha za kaboni msitu huu ungepungua kiasi hiki kwa mwaka. Kila tani iliyobaki juu ya mstari huo ndiyo bidhaa, nayo huuzwa kwa hati ya kaboni. Kijiji ambacho tayari kilikuwa kinatunza ngitili yake kwa ajili ya ng'ombe wake hakina tofauti kubwa ya kuuza, kwa sababu kingeitunza hata hivyo. Kijiji jirani kilichokuwa kikikata bila breki kina mstari wa kushuka sana, hivyo kikiacha kina tani nyingi za kuuza. Mtunzaji anaambulia pongezi na mkataji anapata mkataba. Si hila ya mtu fulani, ndiyo kanuni yenyewe ya soko, na bila kanuni hiyo kila mwenye mti duniani angeleta ankara. Hata hivyo ni vizuri watu walijue jambo hili kabla hawajaahidiwa kitu.

Tatizo la pili la mstari huo ni kwamba hauonekani. Dhahabu ya machimbo ya Katente inawekwa kwenye mizani, na mwenye duara (shimo la kuchimbia), mwenye leseni na mwenye shamba wakibishana, wanabishania kitu wanachokiona. Tani ya kaboni ni msitu ambao haukukatwa, na mara nyingi aliyeandika kwamba ungekatwa ni yule yule anayeuza. Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza na wenzake wa Ujerumani walichapisha uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua walizozichambua, zilizothibitishwa na Verra, msajili mkubwa kuliko wote, hazikuwakilisha upungufu wowote wa kweli. Verra walipinga hesabu hiyo vikali. Bei ilishuka hata hivyo.

Kanda hii ilishawahi kulionja soko hili. Aprili 2008 Tanzania na Norway zilitia saini ushirikiano wa tabianchi wa kroni milioni 500 kwa miaka mitano, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye majaribio ya kulipia misitu isikatwe. Shirika la TaTEDO lilipewa ngitili za Shinyanga na Kahama. Wanavijiji walifundishwa kupima: unaweka alama kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, unazungusha utepe, unaandika mzunguko na jina la mti, kisha unakwenda kwenye mti unaofuata ndani ya kiwanja cha sampuli. Ni kazi ya jua kali na mbigili. Vipimo vinaingizwa kwenye kanuni ya hesabu, uzito wa mti unapatikana bila kuukata. Kazi ile ilionyesha kwamba mtu wa darasa la saba anaweza kupima kaboni vizuri tu. Haikuleta mnunuzi wa kudumu. Fedha za Norway zilipokwisha, ngitili zikarudi kuwa malisho.

Sasa twende kwenye upande wa mataifa, kwa sababu tangu hapo sheria za mchezo zimebadilika, na badiliko lenyewe linatugusa kuliko watu wanavyodhani.

Chini ya Itifaki ya Kyoto ya 1997 nchi tajiri pekee ndizo zilizokuwa na malengo ya kupunguza gesijoto. Nchi kama yetu haikudaiwa kitu, kwa hiyo mradi wa hapa ukiuza tani kwa Wadachi, daftari la Tanzania halikuguswa, kwa kuwa daftari halikuwapo. Mkataba wa Paris wa 2015 uliweka daftari kwa kila nchi. Tanzania, katika mchango wake wa mwaka 2021, iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote. Kifungu cha 6 cha mkataba huo kinaruhusu nchi kuuziana tani, kwa sharti kwamba nchi inayouza iongeze tani hizo kwenye hesabu yake yenyewe. Ni sawa na ng'ombe wa mnadani: ukishamuuza, huwezi kurudi nyumbani ukamhesabu bado yuko zizini. Kanuni za kifungu hicho zilipiganiwa kwa miaka, zikaandikwa Glasgow mwaka 2021, na sehemu za mwisho zikakamilishwa Baku, Novemba 2024. Katika soko linalosimamiwa na Umoja wa Mataifa, asilimia 5 ya hati zinakwenda kwenye Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi na asilimia 2 zinafutwa kabisa, ili hewa nayo ipate chochote.

Matokeo yake tani imekuwa na bei mbili kwa nchi: fedha zinazoingia, na kazi inayobaki. Misitu na majiko ndiyo njia rahisi kuliko zote za Tanzania kutimiza ahadi yake. Tukiuza tani hizo rahisi kwa Uswisi au Singapore, ahadi ya asilimia 30 haifutiki. Itabidi itimizwe kwa njia ghali: treni, viwanda, umeme. Uswisi ndiyo iliyofungua njia. Hati za kwanza kabisa za aina hii zilitoka kwenye mabasi ya umeme ya Bangkok. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya nao ulikubaliana kwamba kuanzia 2036 nchi zake zinaweza kununua nje sehemu ndogo ya lengo lao la 2040, hadi asilimia 5 ya gesijoto yao ya mwaka 1990. Kwa hiyo wanunuzi wanakuja, na watataka hati zenye muhuri wa serikali.

Linganisha na mgodi wa Geita. Kwa miaka mingi ulizalisha umeme wake kwa dizeli, na sasa umechukua hatua ya kuunganishwa na gridi ya taifa. Dizeli iliyookolewa inapunguza gesijoto ya kampuni na ya Tanzania kwa pamoja, na hakuna ugomvi, kwa sababu hakuna aliyemuuzia mwingine. Ugomvi unaanza hati inapovuka mpaka.

Kwamba muhuri huo wa serikali una uzito, jirani zetu wamejifunza kwa uchungu. Kampuni ya Koko ya Kenya iliwauzia watu wa mijini ethanoli ya kupikia kwa bei ya chini, tofauti ikitegemea mauzo ya hati za kaboni nje. Serikali ya Kenya haikutoa barua ya idhini iliyohitajika, na mwishoni mwa Januari 2026 kampuni ikafunga milango. Unaweza kuilaumu serikali kwa kuua ajira, au kuisifu kwa kutogawa daftari la taifa kwa kampuni moja. Mimi naona kosa lilitangulia mapema zaidi: bei ya nishati ya kupikia ya maskini ilitundikwa kwenye karatasi ambayo ilikuwa bado haijasainiwa.

Nishati ya kupikia inayotegemea fedha za kaboni si ngeni Ushirombo. Mbunge wa Bukombe, Dkt. Doto Biteko, alikuwa Waziri wa Nishati wakati mkakati wa nishati safi ya kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na majiko banifu yanayosambazwa kwa bei ya punguzo mara nyingi yana fedha za kaboni nyuma yake. Mama anapewa jiko kwa sehemu ndogo ya bei yake, anaweka saini au dole gumba kwenye fomu. Kwenye fomu hiyo anakabidhi haki ya kila tani itakayookolewa jikoni kwake kwa miaka kadhaa. Sidhani kama ni wizi. Jiko amepata, na macho hayamwashi. Ila wangapi wamesomewa mstari huo?

Halafu kuna swali la kama tani zenyewe zipo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchambuzi wa miradi ya majiko, wakakuta sampuli yao ilikuwa imetolewa hati mara 9.2 ya ilivyostahili. Sababu zinajulikana kwa yeyote aliyewahi kuishi na jiko banifu. Linatumika kwa chai, maharage yanarudi kwenye mafiga. Jiko la zamani halitupwi. Kwenye karatasi mafiga yamekufa, jikoni yanawaka.

Tuache majiko, turudi kwenye ardhi, kwa sababu huko ndiko hatari kubwa iliko. Februari 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia saini na Tanzania hati ya makubaliano iliyogusa takriban hekta milioni 8 za misitu inayosimamiwa na serikali. Hati ya makubaliano ni nia tu, si mauzo. Lakini hekta milioni 8 ni sehemu ya sita ya misitu yote ya nchi, ambayo ni kama hekta milioni 48. Nchini Kenya, kwenye mradi mkubwa wa malisho wa kaskazini ambao hati zake zilinunuliwa na kampuni kama Netflix na Meta, mahakama ya Isiolo iliamua Januari 2025 kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa ndani ya mradi huo, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Tani zilikuwa zimeshauzwa na kutumika.

Bukombe ina somo lake la karibu. Pori la Kigosi, ambako wafugaji nyuki wa wilaya hii wamekuwa wakitundika mizinga miaka nenda rudi, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi ya taifa, na mizinga haina nafasi ndani ya hifadhi ya taifa. Baada ya malalamiko Bunge liliridhia hadhi hiyo iondolewe. Ndani ya miaka michache msitu ule ule umebadilishiwa sheria inayoutawala. Mkataba wa kaboni hudumu miaka 20, 30, hata 40. Hadhi ya ardhi ikibadilika katikati, nani anadaiwa tani?

Mfano wa upande wa pili upo, na hauko mbali. Katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, vijiji vinane vinavyozunguka milima ya Ntakata vimeingia ubia na kampuni ya Carbon Tanzania, na vimepokea mabilioni ya shilingi. Zimejengwa zahanati na madarasa, watu wamekatiwa bima ya afya. Ukichunguza kwa nini kule kumefanikiwa, jibu halianzi na kaboni. Vijiji vile vilikuwa na mipango ya matumizi ya ardhi na misitu iliyotengwa kisheria kuwa ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Mnunuzi alikuta mwenye mali anajulikana. Msitu wao pia ni mkubwa na umeshikana, jambo ambalo ngitili za hekta mbili tatu zilizotawanyika hazina. Gharama ya kumleta mkaguzi haitofautiani sana kati ya msitu mkubwa na mdogo, kwa hiyo ngitili ya familia moja haiwezi kuingia sokoni peke yake hata iwe nzuri vipi.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2022 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa kanuni za kusimamia biashara ya kaboni, zikarekebishwa mwaka uliofuata, na miradi inasajiliwa kupitia Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kanuni zinalazimisha mgao kwa jamii. Ni hatua nzuri. Lakini kanuni zinamlinda mwenye ardhi anayejulikana, na vijiji vingi vya ukanda huu, vilivyobanwa kati ya hifadhi, leseni za madini na mifugo inayohama, mipaka yake bado inabishaniwa.

Msimamo wangu ni huu. Ngitili itunzwe kwa sababu ile ile iliyoirudisha: majani ya kiangazi, nguzo, asali na maji. Hizo ni faida ambazo bei yake haipangwi London wala haihitaji barua ya idhini. Fedha ya kaboni ikija, ihesabiwe nyongeza, na ijenge vitu vya wote, kwa kuwa kwa mtu mmoja mmoja haitamshinda mkaa. Matimba ya machimboni, yale magogo ya kushikilia mashimo, na mkaa wa mjini havitaisha kwa mkataba wa tani. Vinahitaji miti ya kupandwa kwa ajili hiyo na gesi yenye bei ambayo mama wa Ushirombo anaimudu.

Wenyeviti wa vijiji wa Bukombe na wilaya jirani ya Mbogwe, mgeni mwenye mradi akifika, mwulizeni kwanza tani zitaandikwa kwenye daftari la nchi gani, mstari wa msingi ameuchora nani, na msitu ukiungua mwaka wa kumi na tano nani atalipa. Kisha daini mkataba wote kwa Kiswahili, usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, hadi ukurasa wa mwisho, kabla muhuri haujatoka kwenye droo.